Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, kazini huitwa Mama Vifungo
Umri: miaka 43
Kazi: fundi cherehani, karakana ya sare za shule
Makazi: nyumba za kupanga, nyuma ya soko

Nafanya kazi katika karakana hiyo mwaka wa tisa sasa. Tuko mafundi sita, wote wanawake, na mmoja wetu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Ana mguu mbovu tangu utotoni, hawezi kukimbia. Mlango wa mbele unatazama barabara. Wa nyuma uko stoo, ni wa chuma, na bosi huufunga kwa kufuli kutwa nzima, ufunguo anatembea nao mkobani. Anaogopa wezi kuliko kitu chochote. Nilishamwambia, "Dada, iko siku utatufungia humu." Akanijibu, "Mama Vifungo, shona."

Mwezi uliopita vitambaa vilipotea, bosi akamfukuza mkataji wetu, mtoto wa kaka yake, tunayemwita Sindano. Alikuwa mwizi kweli, simpambi. Hata mkasi wangu mzuri aliondoka nao, na nilimlaani mbele za watu.

Mnamo Jumanne, tarehe 14, saa tano asubuhi, umeme ulikatika. Pasi ilikuwa imelazwa juu ya nguo, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa mbele. Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Bosi alikwenda kununua vitambaa. Saa saba tulikula, tukajilaza kati ya cherehani, kwani bila umeme tungefanya nini. Umeme ukarudi tumelala.

Niliamshwa na moshi. Mlango wa mbele ulikuwa moto mtupu. Tulikimbilia stoo, tukaugonga mlango wa chuma kwa ngumi, kwa viti, kwa kila tulichoshika. Mwenzetu mmoja alianza kuwaaga watoto wake, akiwataja majina. Mpaka sasa nikifumba macho namsikia.

Ndipo kufuli likafunguliwa kwa nje. Nilidhani ni bosi. Alikuwa Sindano, ufunguo mkononi, gunia tupu begani. Nilielewa papo hapo gunia lile lilifuata nini, tena saa anayojua tunalala. Makelele yetu aliyasikia tangu uchochoroni. Angeweza kugeuza akaenda zake.

Alisema, "Tokeni, mama zangu, tokeni." Tulipofika uani niliangalia wenzangu, mdogo wangu simwoni. Nilipiga kelele, "Mdogo wangu yuko ndani!" Sindano alichovya gunia kwenye pipa la maji, akaingia nalo. Alirudi amembeba mdogo wangu, gunia amemfunika yeye. Mikono yake mwenyewe sitaki kuieleza. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilikuwa nikilisema tu, sikuwahi kuliona.

Bosi alifika saa nane. Tulikuwa tumekaa chini, weusi kwa masizi, tunakohoa. Hakuuliza nani kaungua. Aliuokota ule ufunguo, akaulinganisha na wake, akamuuliza mtoto wa kaka yake, "Huu umeuchongesha wapi?" Kisha akaita polisi. Nimekula na yule mama miaka yote hiyo, na nilimwona siku ile kama simjui.

Jana nilikwenda hospitali. Sindano amefungwa pingu mguuni, kwa sababu mikononi hazikai. Aliniambia, "Mkasi wako uko nyumbani, mama." Nikalia.

Afande, umeniuliza kama alikuwa na ufunguo wa wizi. Alikuwa nao. Ungekuwa mmoja tu, ule wa mkobani, leo ungeandika majina sita na hakuna ambaye angekujibu. Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu, sikuongeza, sikupunguza.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maelezo ya askari: Shahidi amesomewa maelezo yake, akakubali ni sahihi. Anajua kuandika, ila mkono wa kulia una jeraha la kugonga mlango. Ameuliza mwenye kufuli ataitwa lini kuandikisha maelezo. Nimeliandika swali lake hapa.