Papasi wa Nyumba ya Mama Yako

Isevya, Tabora
3 Agosti 1975

Mpendwa mpwa wangu Maua,

Shikamoo uliyoituma kwa mdomo wa yule kijana wa reli nimeipokea, marahaba sana. Kwanza ujue anayekuandikia si mjomba yule uliyemwacha. Tangu bwana afya ahamishiwe Nzega, Isevya nzima inalala usingizi kwa idhini yangu mimi Mfaume. Mtu akiona mdudu nyumbani kwake haendi ofisini, anakuja kwangu. Hata mapadri wawili walinijia kwa baiskeli kuuliza habari za kunguni, na kunguni waliposikia tu jina langu, wakahama.

Hujambo lakini? Mumeo Abasi hajambo? Miguu haikuvimbi? Na huyo mdogo uliyembeba, anacheza? Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Kifua cha mama yako kimepoa tangu baridi ipungue.

Yeye mwenyewe ameketi hapa karibu yangu, anapeta mchele huku akinisimamia kama mwalimu, maana kalamu ninayo mimi lakini barua ni yake. Anataka mwezi wa kumi uje ujifungulie kwake, kama yeye alivyokwenda kukuzaa wewe kwa mama yake. Khanga za kumpokelea mtoto ameshazifua. Chumba chako ni kile cha uani.

Sasa nikupe habari nzito, ukae chini kwanza. Unamkumbuka Apolinaria, binti wa jirani yetu Modest seremala, uliyekuwa ukisukana naye nywele. Alikuja kwa baba yake baada ya Pasaka, tumbo kama lako, naye kaja kujifungua. Akashikwa na homa. Wakasema malaria, akapewa vidonge, homa ikashuka. Akainuka, akapika, akaja uani kunitania: "Mjomba Mfaume, wewe mkubwa wa wadudu, mbona mbu wanakung'ata?" Nikamwambia hao wananionja tu, wakahadithie kwao. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Baada ya siku chache homa ikarudi. Ndiyo tabia ya homa ya papasi, wale kupe wa sakafuni wanaonyonya damu usiku, inakuachia upumue halafu inarudi. Mtoto alitoka kabla ya wakati wake na hakulia. Mama yake hakuiona jioni ya siku ile. Tumewazika kaburi moja.

Matanga yalipokwisha, Modest alichukua jembe akaanza kuchimba sakafu ya chumba alicholala mwanawe. Nikaingia kumsaidia. Pale uvunguni papasi walimwagika mavumbini kama kunde, wamejaa damu. Modest akaniuliza, "Mfaume, hii damu ni ya nani?" Nikalichukua jembe mkononi mwake, nikaendelea kuchimba.

Wadudu hawa si wa jana, Maua. Babu yangu aliyebeba pembe na misafara mpaka Ujiji alisimulia kwamba kwenye kambi za njiani papasi walikuwa wakubwa kama vifungo vya koti la askari. Usiku mmoja walimnyonya punda, asubuhi wakakuta vimebaki shogi lake la mizigo na kengele. Haya, punda umwache. Lakini ni kweli kwamba papasi hatembei mbali kwa miguu yake. Anasafiri na mkeka.

Na mikeka ilikuja. Mwaka jana, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ndugu zetu wengi walipitia mjini na mizigo yao. Wengine walilala kwa Modest, wengine kwetu, chumba kile kile cha uani. Nani atakung'uta mkeka wa mgeni mbele ya macho yake? Ni kama kumwambia umekuja na uchafu. Mama yako aliitandika vile vile ilivyokuja. Na mimi, pamoja na ukubwa wangu, nilinyamaza.

Tangu msiba hatukulala. Tumeichimbua sakafu yote ya chumba chako, tukaimwagia maji yanayochemka, tukaweka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, tukashindilia. Mama yako amesiriba kuta kwa mikono yake mpaka kucha zikamtoka damu. Kitanda kimetengwa na ukuta. Dawa ya unga nilipata kidogo, nikainyunyiza pembeni.

Na wewe huko Tanga usijisahau, maana wadudu hawana likizo. Kiangazi ziba nyufa zote, mvua zisije zikazipanua. Masika yakianza, weka kuni mbali na ukuta, mchwa hupandia hapo. Cheti changu cha shule kililiwa na mchwa, ndiyo maana hujawahi kukiona. Ukivuna au ukinunua nafaka, usiiweke chumba unacholala. Panya hufuata nafaka, na panya hawaji peke yao, huleta viroboto. Matandiko yaanike juani mwaka mzima, hata kama umechoka. Mgeni akija, chukua mkeka wake kwa heshima, sema unauanika upate joto. Hilo tungelijua mapema.

"Umeandika kwamba umekagua?" mama yako ananiuliza. Nimeandika, dada. Nilipiga magoti chumba kizima mchana kweupe, taa mkononi, sikuona papasi hata mmoja. Nilipomwambia hivyo alipiga kigelegele, cha kwanza tangu msiba. "Basi mwambie mwanangu apande treni," akasema. Nami ninakuandikia kama alivyosema.

Nisalimie Abasi, na shangazi yake Bi Batuli, na yule Yahaya mwenye duka hapo jirani yenu. Hapa wanakusalimu mama yako Sikuzani, Saidi fundi baiskeli, na Modest, ambaye siku hizi hasemi sana ila jina lako alilitaja. Mwenyezi Mungu akufungue kwa salama, wewe na huyo uliye naye.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kukuwaza kila siku,
Mfaume

Maua, mama yako ametoka kwenda kisimani, naongeza haya upesi. Usipande treni. Jifungulie hospitali huko huko, umwandikie kwamba daktari amekukataza safari, yeye atakuja kwako. Usimtaje mjomba. Macho yangu yamekufa tangu mwaka juzi na sijamwambia mtu, naona aibu. Hata barua hii naiandika kwa mazoea ya mkono. Wale wa kwa Modest niliwaona kwa sababu walikuwa wameshiba. Papasi mwenye njaa ana rangi ya vumbi. Nilikagua chumba chako pembe zote nne, mwanangu, na hata nyufa zenyewe sikuziona.