Bega Halijapona, Mwanaidi

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Nani kakudanganya kwamba bega linapona kwa kufichwa? Jirani yangu Mama Shabani karudi jana kutoka kwenye shughuli huko kwa wakwe zako, Tegeta. Kaona kwa macho yake unampa mama mkwe wako chai kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeuviringisha kwenye kanga kama kichanga. Mtu mzima kakunja uso, wewe unachekacheka, eti umeshapona. Mwongo mkubwa!

Ulipoteleza bafuni bega likachomoka, si ulikuja kwangu Buguruni nikuuguze? Yule dada wa mazoezi wa hospitali aliporuhusu, mie ndiye niliyekuchemshia maji ya kukanda. Unainama, umeshika meza, mkono unaning'inia, unaupeleka huku na huku taratibu. Ukanambia, "Bibi, nafanana na mlevi anayetafuta kiatu." Nikakujibu, "Kitafute hivyo hivyo, mke mwenzangu, babu yako hapendi mke wa mkono mmoja." Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Kisha ukutani. Vidole vinapanda kama mjusi, vinapokwama nachora mstari kwa mkaa. Ulianzia kiunoni, ukalia, nikakukaripia, ukapanda tena. Ulipoondoka ulikuwa umefika usawa wa pua. Pua, Mwanaidi! Hata kichana hujaweza kukifikisha utosini. Wakwe wakakuita, ukabeba mkoba, na mazoezi ukayaacha kwangu, maana unaona haya kuparamia ukuta wa watu. Utaonekana umepagawa, sivyo?

Haya hiyo naijua, nami nilikuwa mkamwana. Lakini sikuwa na bega bovu na tumbo juu yake.

Mie shule sikwenda mbali, ila masikio ninayo. Yule dada alituambia wote wawili: bega likiachwa linakauka, na likikauka kulilegeza ni kazi. Tangu jana chakula hakinipiti. Nawaza umeshajifungua, mtoto analia kitandani nawe umesimama, unamwangalia. Utamwogesha vipi? Au kila akitaka ziwa utamwita mama mkwe akunyanyulie mwanao?

Nakukumbuka na nimekukasirikia, yote mawili.

Basi sikiliza. Leo mumeo akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, mwambie kweli, na mama yake asikie. Jumatatu asubuhi akupeleke hospitali.

Mie bibi yako, mke mwenzio,
Buguruni