Hiske Alipouvuka Ufito

Workum, Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Hessel,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, wifi na watoto mu wazima huko Nyuzilandi. Hapa tunashukuru; Baba ana kikohozi, lakini bado anabishana na redio. Mama anauliza kama unakula, ingawa nimemwambia una mvi tayari.

Habari kubwa ni za mdogo wetu Hiske. Ulipohama ulimwacha akivuka mitaro ya malishoni kwa upondo, ule mti mrefu wa kujirushia ng'ambo, akirudi nyumbani na tope hadi masikioni, na Baba akimpigia kelele kwamba anaruka kama ng'ombe waliofunguliwa zizini baada ya baridi. Kocha Terpstra alimwona siku moja, akamwomba Baba ampeleke Leeuwarden kujaribu upondo wa kuruka juu badala ya kuvuka. Baba alimuuliza kama huko juu kuna majani ya kulisha. Hata hivyo alimpeleka. Mengine umeyasoma magazetini: bingwa wa nchi, bingwa tena, kisha ile medali ya shaba ya Ulaya tuliyoitundika juu ya jiko.

Ambalo hukulisoma ni hili. Majira ya baridi yaliyopita, akiwa mazoezini, upondo ulimpasukia hewani. Aliangukia ukingo wa godoro, vipande vikamrukia usoni. Alikuja nyumbani amefungwa bandeji akasema ni mikwaruzo tu. Tangu hapo, mara nyingi alipokimbia, alifika kwenye kishimo cha kusimikia upondo akasimama ghafla. Wenzake wa klabu wakamtania: "Hiske, treni imeondoka, wewe bado unanunua tiketi!" Alicheka nao, kisha akaenda kuketi peke yake garini.

Jumamosi tulikwenda Hengelo kwenye mashindano ya taifa. Mama alibeba mkate mweusi na jibini, na hakuna aliyekula. Ufito, ule mti mwembamba wa kurukwa, ulipandishwa juu kuliko Hiske alivyowahi kuruka maishani. Mara ya kwanza aliuangusha. Mara ya pili alisimama kwenye kishimo, na watu wakaguna. Mara ya tatu, ya mwisho, alibusu upondo wake, akakimbia.

Kaka, sijui niandikeje. Upondo ulipinda hata nikaziba mdomo kwa mkono, kisha ukanyooka ukamtupa juu, miguu mbele, mgongo ukiuzunguka ufito kama moshi unavyopita juu ya ukuta. Alipoanguka godoroni, ufito haukutikisika. Baba alivua kofia kama tuko kanisani.

Tukiwa njiani kurudi, wazee wamesinzia nyuma, Hiske aliniambia taratibu kwamba jicho lake la kushoto halioni kitu tangu siku ile. Anayejua ni daktari na Terpstra tu. Nusura nisimamishe gari barabarani. Nikamuuliza kishimo anakionaje.

"Hakikai mahali pamoja," akasema. "Mara karibu, mara mbali. Ndiyo maana nilikuwa nasimama. Sasa naiachia miguu, yenyewe inajua."

Nikamuuliza mbona alituficha.

"Mngenihurumia, dada. Na Mama angenifunga kwa kamba."

Jana, tukinywa supu ya njegere, Hiske mwenyewe alimwambia Mama habari za jicho. Mama aliweka kijiko chini. Tulingoja kilio, hakikuja. Alimshika Hiske kidevu, akalitazama lile jicho kwa muda mrefu, kisha akauliza kitu kimoja tu: jana yake kule Hengelo, akikimbia, ule ufito aliuona?

"Hapana, Mama," Hiske akajibu. "Niliuona nilipokuwa tayari juu yake."

Wote wanakusalimu. Mpigie simu Hiske, ila usimwonyeshe huruma, atakukatia. Wabusu watoto kwa niaba yetu.

Dada yako akupendaye,
Sjoukje