Kobe Asife Chuma Chakavu

Mjomba,

Nilikukana. Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Jumanne iliyopita mkaguzi wa magari alilinyooshea kidole gari lako akauliza, "Nani aliyeliharibu hivi?" Nikajibu kwamba ni fundi mmoja wa zamani, simjui.

Shikamoo. Ilibidi hilo litangulie. Ningeanza na salamu, ujasiri ungeniishia.

Tangu utuache nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Gereji yako imefungwa. Kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini, gari lako Kobe nilipewa mimi, kwa kuwa ni mpwa wako na ndimi niliyekuwa nakupa spana. Lakini Mjomba Mdogo akaweka sharti: nisipompatia Kobe hati ya gari la kihistoria kabla masika hayajaisha, atawaita wanunuzi wa chuma chakavu. Alisema gari halikuja duniani kufuga kuku. Ni kweli kuku mmoja ametagia kiti cha nyuma. Nikakumbuka ulivyoniambia ukiwa kitandani, "Kobe asife chuma chakavu." Nikaenda ofisi ya usajili wa magari.

Nimechoka, Mjomba. Siku ya kwanza karani aliuliza marehemu ni nani wangu. Nikasema mjomba. Akataka waje watoto wako. Nikajaribu kumweleza kwamba kwetu Waluguru mpwa humrithi mjomba wake, nikinong'ona huku nimeinama. Akalitazama jina langu kwenye fomu. "Semeni? Basi sema, mwanangu. Au unaongea na viatu vyako?" Watu kwenye benchi wakacheka. Nikarudi nyumbani kutafuta muhtasari wa kikao cha ukoo. Siku ya pili muhtasari ukakubaliwa, ila kadi ya gari inasema bluu na Kobe ni kijani. Ulimpaka rangi bila kumwarifu mtu. Nilikukasirikia njia nzima, halafu nikajikasirikia kwa kukukasirikia.

Ndipo nikapewa karatasi ya masharti. Gari la kihistoria liwe na vitu vyake vya asili. Lisibebe mizigo wala abiria. Liendeshwe siku za maonyesho tu, au kujaribiwa baada ya matengenezo. Mmiliki aandike kila safari na kila badiliko kwenye daftari, na kila mwaka alipeleke kukaguliwa. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Yaani Kobe, aliyeteremsha ndizi na wajawazito kutoka Kinole, atatambuliwa endapo tu hatafanya lolote alilowahi kufanya. Watu wa kule walikuwa wakisema Kobe hawahi, ila anafika. Sasa hata kufika haruhusiwi.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mzee mpole, na hilo liliniuma zaidi. Alizunguka gari akitaja makosa, mimi naandika. Taa ya kulia ni ya pikipiki. Kiti cha mbele kimejazwa sufi. Kichwa cha gia ni cha mpingo. Kile ulichokichonga nilipokuwa darasa la tatu, ukakichimba kidogo juu, mahali pa kidole gumba changu, ili nisiogope kukishika. Kila alichokiita kosa ni kazi ya mikono yako.

Karatasi inasema mmiliki akibadili gari mwenyewe kwa makusudi, ombi linakataliwa. Asipojulikana aliyelibadili, mrithi hupewa muda wa kurudisha vya asili. Nililijua hilo alipouliza. Kwa mara ya kwanza maishani niliongea ofisini bila kuambiwa nipaze sauti. "Simjui." Ilitoka wazi kabisa, hata mimi nikashtuka.

Mzee akaandika, kisha akapapasa ule mpingo. "Ila alikuwa na mkono mzuri," akasema, "huyo usiyemjua."

Nikaendelea kuandika: kichwa cha gia, si cha asili.

Nimeanza kumrudisha Kobe anavyotakiwa. Kichwa cha gia cha asili nimekipata Turiani, kwenye gari bovu. Ni cha plastiki, kidole changu hakina pa kukaa. Sufi nimeitia kwenye mto wa Mama, analalia bila kujua. Taa bado naitafuta.

Kwaheri, Mjomba. Nakuahidi Kobe atapata hati. Na nikipata leseni, kabla ya maonyesho yoyote, nitampandisha Kinole mpaka kaburini kwako. Nikifika Bigwa, nje ya mji, nitasimama, nifunge kile kichwa cha gia ulichonichongea, na wakati wa kurudi nitakifungua hapohapo. Mbele ya kaburi lako nitasema wewe ni nani, kwa sauti ileile niliyoitumia kukukana. Kwenye daftari nitaandika: kujaribu breki.

Nifichie hili. Usimtokee Mama ndotoni ukamsimulia. Najua hukuwahi kumficha dada yako kitu. Mfiche hiki kimoja.

Mpwa wako,
Semeni