Neno Moja Juu ya Gato

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, na kama hujaketi, keti kwanza. Goti la kushoto linaendeleaje? Dada Masika aliniambia kwamba umeanza tena kupanda kilima cha shambani bila fimbo, nikajua kwamba ama goti limepona ama umegombana na fimbo. Na mukaka, mama yako, bado anasikia kwa lile sikio moja, au sasa anachagua tu ya kusikia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na tumbo limeanza kutokeza kidogo, kwa hiyo usihangaike.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mara ya mwisho nilipotaja jina la Clarisse, yule msichana wa hapa, kwenye simu, mtandao ulikatika ghafla, na Masika akaniambia baadaye kwamba haukuwa mtandao, kilikuwa kidole chako. Barua haina mahali pa kubonyeza. Nimempa mwenzetu wa depo ya mizigo anayekuja huko Butembo kuona watoto wake, na Masika atakusomea. Masika, soma polepole, na usicheke kabla Mama hajafika mahali pa kucheka.

Unajua kwamba hapa depo mimi ndiye Mwingereza. Ile miaka miwili ya Kampala imenipa cheo. Karatasi zote za mizigo zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwa za Kiingereza zinaletwa kwangu, na nikizisoma kwa sauti bosi anatikisa kichwa kama yuko kanisani, wakati ninachosoma ni idadi ya masanduku ya sabuni. Mtu akisifiwa hivyo kila siku anaharibika. Mimi niliharibika.

Clarisse naye anajifunza Kiingereza kila Jumamosi, maana ofisi za migodi siku hizi zinataka watu wanaokijua. Alinilalamikia kwamba mwalimu wao huwapa sentensi za paka na meza tu. Nikamwambia asubiri siku yake ya kuzaliwa, nitampa sentensi ya kweli. Nikaenda kwa mama mmoja wa hapa Kampemba anayepika gato, keki za sherehe, nikamwagiza aandike juu yake kwa krimu nyekundu: You are mine. Ni kusema, wewe ni wangu. Niliondoka pale nikijiona mtu hodari sana.

Sasa, yule mama wa gato aliogopa kwamba nafasi haitatosha. Yale maneno mawili ya kwanza akayabana pembeni, madogo, hata miwani haiyaoni vizuri. Alipofika la mwisho akagundua kwamba gato karibu yote imebaki tupu, akaijaza: MINE, herufi kubwa kama za ubao wa duka. Mtu wa pikipiki akaipeleka. Clarisse alikuwa sokoni. Aliyeipokea mlangoni ni baba yake.

Lazima nikuambie kidogo kuhusu Papa Ngoy. Watu wake walitoka kaskazini ya Katanga. Baba yake alikuwa mchimba shaba, na yeye mwenyewe akashuka chini ya ardhi mpaka siku kazi ilipoisha. Mimi alikuwa amenipokea nyumbani kwake mara mbili tu, kama kijana wa depo anayeleta salamu. Kiingereza hajui, ila "you are" anaijua kwa sababu inaimbwa kila mahali. Na "mine" hakuhitaji mwalimu. Kwa Kifaransa inaandikwa kwa herufi zilezile, inasomwa "min", na maana yake ni mgodi. Akavaa miwani, akasoma kwamba mtoto wake ni mgodi, akaita ukoo.

Clarisse alinipigia saa kumi alasiri.

"Kakule, kuya mbio. Usiulize."

"Gato imefika?"

"Imefika. Beko banaizunguka." Ni kusema, wote wameizunguka.

Nikakuta meza uani, gato katikati imefunikwa chandarua kwa sababu ya nzi, hakuna aliyeigusa. Papa Ngoy alikaa upande mmoja na mke wake. Upande wa pili alikaa dada yake, ambaye wote wanamwita Tantine, shangazi. Mdogo wake wa kiume, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amesogeza kiti chake mbali na meza, nami sikuelewa kwa nini.

"Ni weye unatuma hii kintu?" Papa Ngoy akauliza.

"Ni mimi, Papa."

"Soma."

Nikasoma kwa Kiingereza changu cha Kampala, nikatamka "main".

"Haina main. Iko min. Mi nilishukaka mule ndani miaka makumi tatu, weye utanifundisha kuisoma?" Akawageukia wengine. "Anaita mutoto yangu mukoti." Mukoti ndivyo wanavyoita mgodi hapa. "Muntu akiona mukoti anataka nini? Anataka kuchimba. Anachimba, anachimba, bintu bikiisha anaenda kwabo, anaacha shimo. Mi nimeona mashimo mingi."

Mama, nilikuwa nafungua mdomo Tantine akanitangulia kumjibu kaka yake, ambaye humwita yaya. "Apana, yaya. Mine ni sura ya muntu. Banasema bonne mine, ni kusema unapendeza. Mwana anasema Clarisse iko na sura muzuri."

Nilimshukuru Mungu mapema mno. Papa Ngoy aliifikiria, akauliza, "Sasa bonne iko wapi? Hapa banaandika mine bule. Inaweza kuwa mauvaise, mubaya." Tantine akainama, akatafuta "bonne" chini ya chandarua, hakuiona, akaanza kunitazama kwa jicho baya.

Ndipo mwanajeshi akasema kutoka kule alikokaa. "Benyewe hamujue. Mine ni ile banazikaka mu barabara. Unakanyaga, pu! Anasema ule mutoto, ukimugusa analipuka."

Mama yake Clarisse akamtazama binti yake. "Pale kuko ukweli kidogo," akasema.

Clarisse akapiga meza kwa hasira, na baba yake mdogo akasogeza kiti nyuma tena.

Hapo Mwingereza wa depo akatoa simu, akafungua kamusi. Niliona kwamba nikiwaeleza neno limetoka wapi, watatulia. Na kweli walitulia! Nikawaambia kwamba "mine" ya mgodi Waingereza waliichukua kwa Wafaransa zamani, na kwamba hata Wafaransa hawana hakika waliipata wapi, labda kwa watu waliokuwa kule kabla yao. Nikawaambia kwamba bomu la yule mwanajeshi ni mtoto wa mgodi. Zamani za vita, wachimbaji walichimba chini ya ukuta wa adui ili uanguke. Baadaye wakatia baruti ndani ya lile shimo. Mwisho shimo likasahauliwa, jina likabaki kwa baruti. Papa Ngoy alifurahi sana.

"Unasikia?" akamwambia mdogo wake. "Hata bomu yenu ni siye tulizala!"

Ile ya Tantine, ya sura, sikuisoma. Kamusi inasema huenda ilitokana na neno la zamani la pua na mdomo wa mnyama. Nikafunga ukurasa, nikamwambia kwamba asili yake ni ya heshima sana.

Basi uso wa mzee ukafunguka, mke wake akaleta kisu, chandarua kikaondolewa. Hata mwanajeshi akasogea. Nikapewa kipande kikubwa chenye herufi M. Nilikuwa natafuna, nimeshinda, najisikia mtu wa nyumba ile, ndipo mama yake Clarisse akauliza kwa upole, "Na ile ya Kingereza yenyewe, ile weye uliandika, inatoka wapi?"

"Ile ni nyingine kabisa, Mama," nikasema, mdomo umejaa. "Haina undugu na hizo. Ni kama mimi na yule Kakule wa duka la misumari. Kwetu kila mtoto wa kiume wa tatu anaitwa Kakule, kwa hiyo tunafanana jina, lakini kila mtu na mama yake. Ile ni neno lao la kale la Kiingereza, hawakulichukua kwa Mfaransa."

"Na inasema nini?"

"Inasema, yangu."

Papa Ngoy aliweka sahani chini.

"Yako?"

Nikaitikia kwa kichwa, ile M ingali mdomoni.

"Yako, toka lini? Nani alikupa? Mi niko hapa, bibi yangu, mama yake, iko hapa, hatukuona muntu ya kwenu hata moja!" Akasimama. "Afazali ungesema mukoti! Mukoti, mbele ya kuchimba, bantu banaombaka ruhusa!"

Hapo nikasema yote bila mpango, na vibaya. Nikasema nampenda, nataka kumwoa, nilikuwa natafuta siku ya kuja kusema kwa heshima, nikaanza na gato kwa ujinga. Clarisse akaja kusimama karibu yangu. "Papa, mi nilisha kukubali," akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kubaambia. Gato ikanipita mbio."

Nilidhani mzee atanifukuza. Alikaa tena, akavua miwani, akaipangusa kwa shati kwa muda mrefu. Aliposema, hakusema kwa hasira.

"Mi na baba yangu tulisemaka 'mine yetu'. Tulikuwa na nyumba, na hopitali, na timu ya mupira. Yetu, yetu. Siku moja banatuambia kazi inaisha, twende nyumbani. Pale njo tuliona ilikuwa ya bengine. Toka pale, muntu akisema 'yangu' peke yake, minaogopa." Akanitazama. "Weye, iko ya nani?"

"Mimi ni wa Butembo, Papa."

"Butembo ni muji. Muji haizalake muntu. Iko ya nani?"

"Wa mama yangu."

"Anajua?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema unajua jina tu, tena hulipendi.

"Bon. Siku mama yako ataingia mu hii mulango, aseme na kinywa yake 'huyu mwana iko wangu', njo nitajua minapatia nani mutoto. Bila yeye, utatuma magato mpaka ule mama ya gato atajenga nyumba ya etaje mbili."

Tantine alicheka mpaka akajipaliza. Lakini mzee hakucheka, na mimi nilirudi Kampemba kwa miguu, kwa sababu nilitaka kufikiri.

Mama, najua ulichosema. Unataka mkamwana wa nyumbani, atakayekusalimia kwa Kinande, lugha yetu, na kuomba kwa namna yetu. Clarisse ni Mkatoliki, anafanya ishara ya msalaba hata kabla ya kula karanga. Kinande anajua neno moja nililomfundisha, wasingya, asante, na analitumia kwa kila kitu. Juzi alinikanyaga akaniambia wasingya. Lakini nilipoumwa malaria mwezi uliopita, yeye ndiye aliyenipikia uji asubuhi na jioni, akakaa mlangoni na rafiki yake mmoja ili majirani wasiseme neno, na alikuwa ananigombeza kama wewe hasa. Nilifunga macho nikadhani niko kwetu. Simtaki ili nisahau nyumbani. Namtaka, ni hivyo tu, na naogopa kwamba hutakuja.

Nakuomba uje, baada ya kuvuna maharage, wewe na Masika. Njia nitaitafuta mimi, na mwenzetu aliyeleta barua hii atawasindikiza. Hapa hutapotea, nusu ya watu wa depo ni wa kutoka huko, na wote wanasema watakupikia. Na kama jibu ni hapana, basi niambie kwa sauti yako, nisikie. Usibonyeze.

Nisalimie mukaka, umpigie kelele upande wa sikio zuri. Nisalimie kaka yangu mkubwa wa Beni, umwambie shati lake la bluu ninalo mimi, aache kumshuku mke wake. Nisalimie mchungaji wetu, lakini habari ya msalaba na karanga usimwambie kwanza. Nisalimie jirani yetu mshonaji, na mumewe, na yule mbuzi wao kama bado hajauzwa. Masika, sasa unaweza kucheka.

Mama, barua zote nilizokuandikia tangu Kampala nimezimaliza kwa neno "wako", kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na sikuwahi kulifikiria. Leo limenikalisha muda mrefu, kalamu mkononi. Papa Ngoy anasema kweli, nikilisema peke yangu halitoshi. Nimeliandika hapa chini. Njoo uwaambie kwamba ni kweli.

Wako,
Kakule