Mkate Ulioingia Kwenye Injini

Radiša,

Nimekwenda kanisani kuchukua mshumaa. Maharage yapo jikoni, nawa mikono kwa sabuni kwanza! Mkate uliofunikwa usiuguse, ni wa ubatizo wa mtoto kesho kwa dada yako Jagoda, kule mji wa Bar, si wa gari.

Asubuhi nimekukuta unashindilia mkate wangu kwenye tundu la injini, unagonga kwa nyundo. Eti, "Mama, ndivyo beringi kuukuu inavyotolewa." Kumbe mkate ukaisukuma kwa nyuma, ikatoka kweli! Nimecheka njia nzima.

Lakini naiogopa ile miteremko ya kwenda Bar. Ukishafunga klachi mpya, ijaribu kwanza mlimani.

~~Mimi nitapanda basi.~~ Hapana. Nitakaa kando yako, nikuone. Viti vya gari ni viwili tu, kwa hiyo baba yako ndiye atakayepanda basi. Bado hajui. Mwambie wewe.

Mama yako