Upande Wako wa Pikapu

Lubumbashi, Jumapili, baada ya mvua ya kwanza

Papa,

Mvua ilinyesha jana. Mama anataka mbegu na mbolea zifike shambani Kasungami wiki hii, kwa hiyo leo tumeisogeza pikapu yako.

Tangu tulipokuzika, wakati wa baridi, ilikuwa imesimama tu uani hapa Bel-Air, imeinamia kulia. Jirani alinitania akichungulia juu ya ukuta: "Gari yenu iko inasikiliza nini pale chini?" Nilicheka naye, halafu nikaingia ndani nikalia.

Wewe unajua kwa nini inainama. Ulikuwa mtu mzito, Papa. Ukikaa kwenye usukani, upande wa kushoto ulikuwa unashuka, basi ukanituma niikaze boloti ya kushoto chini ya gari, ile inayoinua resori, chuma kinachobeba uzito wa gari, mpaka gari likakaa sawa na wewe ndani. Mafundi wengine wanapima gari tupu. Wewe ulikataa. "Gari haitembeaka yenyewe. Pima na mwenye kuiendesha." Ukishuka, upande wako ulikuwa unapanda, kama unakutafuta.

Kazi ya kupima uliniachia mimi, kwa sababu tumbo lilikuzuia kuchuchumaa. Hewa ya tairi iwe sawa. Gari lisimame kwenye saruji mbele ya geti. Niliminye mbele kwa nguvu, niliache litulie. Halafu metre, ile tepu ya kupimia: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bati juu ya tairi, kushoto, kisha kulia. Wewe ndani umeshika usukani kama uko njiani kwenda Likasi, unapiga tumbo lililoshiba ugali: "Bukari yote ya mama yenu iko huku!" Na kila nilipotaja kipimo: "Pima tena, mama." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako.

Papa, kabla ya mavuno nilipima, na kushoto ilikuwa juu ya kulia kwa upana wa kidole. Nikapima tena. Ukacheka. "Hii njo chuma ya zamani! Inajiponesha." Nami nikafurahi. Tulikuwa tunaogopa kwamba resori zimechoka, na hatukuwa na nyingine. Ukaniambia nilegeze boloti kidogo, nikalala chini nikalegeza. Baridi ilipoanza, kushoto kulikuwa kumepanda tena. Nikalegeza tena. Nilikuwa naimba chini ya gari, Papa. Wewe ulisikia.

Chuma hakikuwa kinapona. Ni wewe uliyekuwa unapungua.

Nilikuwa na metre mkononi. Niliangalia tairi, niliangalia bati, nilisoma vizuri kama ulivyonifundisha. Sikuinua macho hata mara moja kukuangalia wewe dirishani. Daktari alipokuja kusema jina la ugonjwa, alisema pia kwamba tumechelewa, na mimi nikakumbuka ile boloti. Sikumwambia mtu.

Ndiyo maana sikutaka kuigusa tena. Mama aliniambia mara nyingi: tukiiendesha hivi tairi ya kulia italiwa upande mmoja, twende kwa fundi. Nilikuwa nampa sababu hii na ile. Mkono wangu ulikuwa unaogopa. Nikilegeza hapo, mtu anapungua. Na uzito wako uliobaki uko katika boloti ile. Nikiifungua, nakutoa kabisa.

Leo asubuhi nimemwambia Mama kila kitu, tumekaa juu ya mifuko ya mbolea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Na miye nilitoboa mukaba yake mara mbili." Mkanda wako, Papa. Alikuwa anakutobolea tundu jipya kwa msumari wa moto, akidhani ni kazi ya shamba imekukausha. Yeye jikoni na mkanda, mimi uani na boloti, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tulilia pale. Halafu akafunga kitenge vizuri, akachukua metre yako mkononi mwangu.

"Panda, mama. Kaa pa papa yako."

Nikakaa. Kiti bado kina shimo lako, nimezama ndani yake. Mama alichuchumaa kushoto, akaenda kulia, akarudi. Nikashuka nikalegeza, nikapanda, akapima. Tulirudia hivyo mpaka akasimama akapangusa mikono. "Iko sawa." Nikamwambia, pima tena, Mama. Tukacheka kidogo, sisi wawili.

Pikapu haiinami tena. Nimeishusha nikiona haya, kama mtu anayefunga mlango wakati mwenyewe bado yuko njiani. Unisamehe hilo, na lile lingine.

Kuanzia sasa, Mama ndiye atakayekaa kando yangu kwenda Kasungami. Nitapima kabla ya kila safari, yeye akiwa ndani. Siku gari likipanda lenyewe, sitafurahi, wala sitashika ufunguo wa boloti kwanza. Nitainua macho nimwangalie mtu aliyekaa ndani. Nakuahidi, Papa.

Lala salama. Huko uliko, usinisahau.

Binti yako, mama yako mdogo